Somo la Kikundi: Ukuta wa Moyo Umekufa au Umelala?

Somo la mwezi huu limetoka kwenu wenyewe. Katibu wa kikundi kimoja cha kujisaidia alituandikia barua ya kurasa tatu, na ndani yake akatia nakala ya karatasi ya hospitali. Mwanakikundi mwenzao, mzee wa miaka sitini na kitu, ana moyo mchovu. Miguu inavimba. Akipanda kilima cha kwenda kanisani anasimama mara nne kupumua, na usiku hulala akiegemea mito mitatu, la sivyo anahisi kama anazama. Jamaa yake aliye mjini amesikia ya kwamba huko ng'ambo kuna mashine inayounganisha PET na MRI, ati inaona moyo kuliko mashine zingine zote. Ameomba kikundi kifanye harambee ili mzee apelekwe. Katibu anauliza: "Hiyo mashine ni kitu gani, na je, tuuze ng'ombe wa kikundi?"

Hilo ni swali zuri, na lina sehemu mbili. Tungependa kujibu ile ya kwanza vizuri kabla ya kugusa ng'ombe. Tumeona vikundi vikichanga pesa nyingi kwa ajili ya kipimo ambacho hakuna aliyekielewa, na tumeona vingine vikikataa kuchanga kwa sababu hiyo hiyo ya kutoelewa. Basi mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mtu akisema "hapo sijashika" simameni mrudie.

MOYO NI MSULI, NAO UNAKULA

Moyo ni pampu ya nyama. Hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na mtu mzima akiwa amepumzika husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Maana yake debe la lita 20 linajaa kwa dakika nne. Pampu ya namna hii lazima ile. Lakini moyo hauli kutoka kwa ile damu nyingi inayopita ndani yake. Una mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje, na hiyo ndiyo inaulisha.

Mshipa mmoja wapo ukiziba ghafla, sehemu ya msuli inayoutegemea huanza kufa ndani ya saa chache. Huo ndio mshtuko wa moyo. Msuli uliokufa haukui tena, mahali pake hubaki kovu, kama kovu la kuungua moto mkononi. Kovu halisukumi damu.

Lakini kuna njia nyingine ya kuziba, ile ya polepole, mwaka baada ya mwaka. Hapo msuli hufanya jambo la akili. Unapunguza kazi ili ubaki hai na chakula kidogo unachopata. Mnajua ng'ombe wakati wa kiangazi kikali: maziwa yanakauka, mbavu zinaonekana, lakini si mzoga. Mvua ikinyesha na majani yakiota, anaweza kurudia maziwa. Katika miaka ya 1980 madaktari walianza kusema waziwazi ya kwamba kuna ukuta wa moyo wa namna hii. Wakaufananisha na wanyama wa nchi za baridi wanaolala miezi yote ya theluji. Sisi tuuite ukuta uliolala.

Sasa shida iko hapa. Daktari akitazama moyo kwa eko ya kawaida, ile mashine inayopakwa mafuta kifuani kama ya mama mjamzito, anaona ukuta mmoja hausogei. Ukuta uliokufa hausogei, na ukuta uliolala nao hausogei. Na tofauti kati yao ni kubwa sana. Kama umelala, pengine ukirudishiwa damu utaamka. Kama umekufa, kuufungulia mshipa ni kama kuchimba mfereji hadi kwenye kisiki kikavu.

Hapo ndipo mashine hizi mbili zinapoingia, kila moja na njia yake ya kujibu.

MRI INATAZAMA KOVU

MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la bomba, na mgonjwa huingizwa ndani akiwa amelala chali. Haitumii miale kama ya eksirei. Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya kila tone la maji kuna haidrojeni. Sumaku inapanga hizo chembe za haidrojeni zielekee upande mmoja. Kisha mashine inazipiga kwa mawimbi ya redio, zinayumba, na zikirudi mahali pake zinatoa sauti ndogo ya redio ambayo mashine inaisikia. Kompyuta inageuza sauti hizo kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kuonyesha jinsi ya kupata picha kwa njia hii.

Nguvu ya sumaku ya mashine kubwa ni tesla 3. Hiyo ni zaidi ya mara 50,000 ya nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Kwa hivyo chuma cha aina yoyote ni hatari humo chumbani. Mwaka 2001 katika jimbo la New York mtoto wa miaka 6 alifariki mtungi wa oksijeni uliporushwa na sumaku ukampiga. Mtu akiambiwa aseme kama ana chuma mwilini, aseme yote: risasi ya zamani, kipande cha chuma jichoni kutoka karakana, kifaa cha kuupigisha moyo. Hakuna aibu katika hilo.

Ili kuona kovu la moyo, mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolini. Dawa hiyo inapita upesi katika msuli hai na kuondoka, lakini katika kovu inakawia, kama maji yanayobaki kwenye mavazi mazito wakati kanga imeshakauka. Baada ya kama dakika kumi kovu linaonekana jeupe kwenye picha na msuli mzima unaonekana mweusi. Daktari anaweza hata kupima kovu limeingia kiasi gani katika unene wa ukuta. Mwaka 2000 madaktari wa Chicago walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliopigwa picha hii kabla ya kufunguliwa mishipa. Katika sehemu 58 za ukuta ambazo zilikuwa na kovu lililopita robo tatu ya unene, ni 1 tu iliyopata nguvu baadaye. Zile sehemu zisizosogea vizuri lakini zisizo na kovu, karibu nane kwa kila kumi zilipata nguvu.

Wenye figo mbovu sana wamweleze daktari mapema, kwa sababu aina fulani za gadolini ziliwadhuru watu wa namna hiyo.

PET INATAZAMA NANI ANAKULA

PET haishughuliki sana na umbo. Inauliza swali la jikoni: nani bado anakula?

Mgonjwa hudungwa sukari kidogo iliyofungwa chembe ya florini yenye mnururisho. Msuli ulio hai unaichukua ukidhani ni sukari ya kawaida, lakini hauwezi kuichoma hadi mwisho, kwa hivyo inakwama ndani. Ni kama kuni mbichi uliyoingiza jikoni, imeingia lakini haiwaki. Pale ilipokwama, chembe ya florini inatoa kitu kidogo kinachoitwa positroni. Positroni ikikutana na elektroni zote mbili zinatoweka, na mahali pake miale miwili inaruka, mmoja huku na mwingine upande wa pili kabisa. Mashine ina duara la macho kuzunguka mwili. Macho mawili yanayotazamana yakiona mwale kwa wakati ule ule, kompyuta inachora mstari kati yao. Mistari mingi ikikatana mahali pamoja, hapo ndipo sukari ilipo. Fikirini watoto wawili walio pande mbili za bonde, kila mmoja akinyosha kidole kuelekea moshi; mkifuata vidole vyote viwili mtafika penye moto.

Sukari hii haiwekwi akiba. Kila dakika 110 nusu ya nguvu yake inakwisha. Ikitengenezwa saa mbili asubuhi, kufikia saa nne kasoro dakika kumi imebaki nusu, na saa sita kasoro dakika ishirini imebaki robo. Ni samaki asiye na barafu. Ndiyo maana PET haiwezi kuwa kila mahali: lazima kiwanda cha sukari hiyo kiwe karibu. Kwetu Kenya, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilianza mwaka 2018 kutumia PET iliyounganishwa na CT, ambayo ni eksirei ya kuzunguka mwili. Kazi yake kubwa ni wagonjwa wa saratani. Tunataja hili ili mjue ya kwamba herufi hizo tatu si ngeni nchini.

Kwa moyo, daktari anatafuta mahali ambapo damu inayofika ni kidogo lakini sukari bado inachukuliwa. Hapo msuli una njaa lakini hajafa mtu. Pasipo na damu wala sukari, pamekufa.

KUZIWEKA ZOTE MBILI CHUMBA KIMOJA

Mtauliza, si wapige picha mbili siku mbili, halafu waziweke moja juu ya nyingine? Wengi hufanya hivyo hasa, na mara nyingi inatosha. Lakini moyo hautulii. Unapiga, mapafu yanausukuma juu na chini kila pumzi, na leo umekula tofauti na jana. Kulinganisha picha za siku mbili ni kama kulinganisha picha mbili za mtoto anayekimbia.

Kuunganisha mashine kulichukua miaka mingi, na sababu ni ya kuchekesha kidogo. Macho ya PET ya zamani yalikuwa mirija ya kioo inayokuza mwanga kwa kurusha elektroni kutoka bamba moja hadi lingine. Ukiiweka karibu na sumaku kubwa, elektroni zinapotea njia na macho yanakuwa vipofu. Katika miaka ya 1990 watafiti walijaribu kuweka vioo vya kunasa miale ndani ya sumaku na kuutoa mwanga nje kwa nyuzi ndefu za kioo, hadi mahali ambapo mirija ingeweza kufanya kazi kwa amani. Ilifaa kwa vipimo vidogo. Baadaye yakapatikana macho madogo yasiyo na mirija, ya aina ya vile vipande vilivyomo ndani ya redio na simu, yasiyobabaishwa na sumaku. Mwishoni mwa mwaka 2010 mjini Munich, Ujerumani, ikawekwa mashine ya mwili mzima inayopiga PET na MRI kwa wakati mmoja.

Faida yake kwa moyo ni hii. Wakati PET inahesabu miale polepole, MRI inafuata jinsi moyo unavyosogea, na kompyuta inaweza kusahihisha picha iliyokuwa na ukungu. Tena mgonjwa anakosa ile eksirei ya CT, kwa hivyo mnururisho unapungua. Na jibu la kovu na jibu la chakula yanatoka kwa moyo ule ule, saa ile ile.

Hasara zipo pia. Mgonjwa hulala ndani ya bomba lenye kelele kwa muda mrefu, pengine saa nzima na zaidi, akiambiwa kila mara ashike pumzi. Mtu kama mzee wetu, asiyeweza kulala chali bila mito mitatu, atalala vipi? Jamaa wa mjini hakuwaza hilo. Tena MRI haioni mifupa vizuri, na mifupa hunyonya baadhi ya miale, kwa hivyo kompyuta hukisia, na ikikosea inaweza kuonyesha pengo ambalo halipo. Na mashine zenyewe ni chache hata katika nchi tajiri.

CHAI YA SUKARI INAVYOHARIBU PICHA

Hili tumelipenda sana, kwa sababu linahusu sufuria kuliko sumaku. Moyo huchagua kuni zake. Ukiwa na njaa, moyo mzima hula mafuta. Ukishiba wanga, hula sukari zaidi. Daktari hutumia tabia hii. Akitaka kujua kama ukuta umelala au umekufa, mgonjwa hupewa sukari kwanza, wakati mwingine pamoja na insulini, ili kila msuli ulio hai ufungue mlango. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari hapa ana taabu, maana mlango wake hufunguka kwa shida.

Kuna ugonjwa mwingine ambao unatakiwa kinyume chake. Unaitwa sarkoidosisi. Askari wa mwili hukusanyika vikundi vikundi bila adui wa kuonekana, mara nyingi katika mapafu, na wakati mwingine katika moyo. Wakikaa moyoni wanaweza kukata njia za umeme wa moyo, na mtu akazimia au kufa ghafla. Kwa kipimo hiki mgonjwa hukatazwa ugali, mkate, wali, matunda na chai ya sukari tangu siku ya kabla, anakula nyama, mayai na mafuta tu, kisha anafunga usiku kucha. Msuli mzima basi unakula mafuta, na sukari iliyodungwa inaenda kwa wale askari wenye hasira peke yao. Wanang'aa kama makaa gizani. Lakini shangazi akimhurumia mgonjwa alfajiri na kikombe cha chai yenye vijiko vitatu vya sukari, moyo mzima unaweza kung'aa, na daktari hawezi kujua moto uko wapi. Pesa zimekwenda.

Kama tungeulizwa ni wapi mashine hii ya pamoja inastahili sifa zaidi, tungesema ni hapa. MRI inaonyesha jivu, maana yake kovu la zamani. PET inaonyesha moto ambao bado unawaka. Dawa za kutuliza mwili, kwa mfano predinisoloni, hupigana na moto na haziwezi kurudisha jivu kuwa kuni. Kwa hivyo kujua kilichopo ni moto au jivu kunabadilisha anachopewa mgonjwa kesho yake asubuhi, na baada ya miezi kadhaa picha inaweza kurudiwa kuona kama moto umezima.

JAMBO LILILOTUSHANGAZA

Turudi kwa ukuta uliolala, maana ndio uliomhusu mzee wetu. Tulidhani hadithi ingeisha kwa urahisi: tafuta ukuta uliolala, fungua mshipa, ukuta unaamka, mtu anaishi zaidi. Kwa miaka mingi madaktari wengi walidhani hivyo pia.

Mwaka 2022 yakatolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 700. Wote walikuwa na mishipa ya moyo iliyoziba na pampu dhaifu mno: badala ya kutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo kila pigo, mioyo yao ilitoa asilimia 35 au chini ya hapo. Wote walikuwa wamepimwa wakaonekana wana msuli ambao ungali hai. Kwa kura, nusu yao walipewa dawa nzuri na pia wakafunguliwa mishipa kwa vile visprингi vidogo vinavyoitwa stenti. Nusu nyingine walipewa dawa peke yake. Walifuatiliwa kwa muda wa kama miaka mitatu na nusu. Waliofariki au kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa walikuwa kama 37 kwa kila 100 upande wa stenti, na 38 kwa kila 100 upande wa dawa peke yake.

Tulisoma mara mbili. Hakuna tofauti ya maana.

Msiyachukue maneno haya mkayapeleka kusikostahili. Watu waliopatwa na mshtuko wa moyo siku za karibuni hawakuwemo katika hesabu hiyo. Mtu akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua yanayobana, yakienda mkononi au kwenye taya, na jasho baridi likimtoka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo bila mkutano wa kikundi. Na upasuaji wa kifua, ambapo mishipa mingine inapandikizwa, una hesabu yake mbali. Wagonjwa wa upasuaji huo walifuatiliwa miaka 10, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha waliopasuliwa walifariki wachache kuliko waliopewa dawa tu. Lakini hata huko, kipimo cha msuli hai hakikuweza kutabiri ni nani angefaidika na kisu.

Kwa maoni yetu picha hizi ni za kweli. Ukuta uliolala upo, na mashine inauona. Ila kuona kitu na kujua la kukifanyia ni kazi mbili, na ya pili bado madaktari wenyewe wanaibishania.

KABLA YA KUFUNGUA SANDUKU LA KIKUNDI

Basi ng'ombe. Kabla hatujachapa somo hili tulimjibu katibu kwa mkono, tukamwambia mwenyekiti na mweka hazina wafuatane na mzee kliniki. Wampe daktari heshima yake, halafu wamuulize swali moja: "Daktari, picha hii ikisema ukuta umelala, utafanya nini? Na ikisema umekufa, utafanya nini?" Kama majibu mawili ni tofauti, na matibabu yote mawili yanaweza kupatikana, kipimo kina kazi. Kama atafanya jambo lile lile kwa vyovyote vile, kikundi kinanunua picha ya kutundika ukutani.

Kuna mengine ya kuuliza. Presha, damu, ECG na eko vimefanywa, na vimefanywa lini? MRI ya moyo peke yake haiwezi kutosha? Na baada ya picha, ni nani atalipia matibabu yenyewe? Katika Injili ya Luka kuna mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo tunaweza kumsoma pamoja siku ya harambee, kwa sababu kipimo cha ng'ambo ni msingi tu wa mnara.

Hapa kikundi kisimame kijadiliane. Je, mmewahi kuchangia kipimo ambacho hakikufuatwa na matibabu? Ilikuwaje? Ni nani kati yenu angeweza kuketi na daktari bila woga na kuuliza lile swali la juu? Mchagueni leo, msingoje mgonjwa. Na kama mwanakikundi mwenye presha anakosa dawa mwisho wa mwezi, kikundi kinajua, au anaficha?

Tunauliza hilo la mwisho kwa sababu ya barua ya pili ya katibu, ambayo ilitufikia majuzi. Walienda kliniki watatu. Daktari aliwaeleza ya kwamba kwa sasa majibu yake mawili ni yale yale: dawa. Akafungua kitabu cha mzee na kuwaonyesha tarehe. Dawa zilikuwa zikiisha tarehe ishirini hivi ya kila mwezi, na mzee alikuwa akikaa siku kumi bila kitu, halafu anaanza tena. Hakuwa amemwambia mtu. Alisema aliona aibu kuomba nauli.

Kikundi kilikaa kikao kirefu, na jamaa wa mjini hakufurahi. Alisema wanakijiji wanaogopa maendeleo. Mweka hazina, mama asiye na maneno mengi, aliandika ubaoni bei ya dawa za mwezi na nauli ya matatu kwenda na kurudi, akaweka kando yake pesa ya maziwa ya ng'ombe kwa mwezi. Maziwa yalizidi kwa shilingi chache. Ng'ombe hakuuzwa. Sasa miezi mitatu mzee hajakosa dawa hata siku moja, na katibu anasema mito imebaki miwili. Daktari ametaka eko irudiwe mwezi wa nane, ndipo aamue kama kuna haja ya MRI.